Shangazi wa Ujiji Anajibu: Mkaa wa Kopo na Dagaa wa Mbalamwezi

Mwezi huu barua nyingi zimelia kilio kimoja: hela ya matumizi haifiki jioni. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa sababu mwandishi wake ameandika kila alichonunua kwa wiki nzima, na daftari la namna hiyo linanipa pa kushika.

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wanne, nakaa Gungu, hapa Kigoma. Mume wangu ni fundi ujenzi, siku za kazi ananiachia elfu kumi. Nimeandika matumizi yangu kama ulivyoshauri: mkaa makopo mawili ya elfu moja moja kila siku, dagaa, mawese ya mfuko, nyanya, unga, sukari robo. Sinunui soda wala vitenge, lakini ikifika saa kumi na moja jioni sina hata mia. Nakosea wapi?

Marahaba mwanangu. Nimepitia daftari lako mara mbili, sijaona anasa hata moja. Nilichoona ni vipimo: kopo, robo, kifuko. Muuza mkaa ananunua gunia, analigawa, anaweka faida yake katika kila kopo. Ni haki yake, ndiyo kazi inayomlisha. Lakini wewe unamlipa faida hiyo mara sitini kwa mwezi. Makopo mawili kwa siku ni shilingi 60,000 ikifika mwisho wa mwezi, na hujawahi kuziona zikiwa pamoja.

Najua utauliza hela ya gunia utaitoa wapi. Niliuliza hivyohivyo mwaka aliofariki mume wangu, nimebaki na watoto sita na wa mwisho bado ananyonya. Sikuanza na gunia. Nilianza kwa kupunguza mkaa niliokuwa nauchoma.

Anza na maharage, maana ndiyo yanayokumalizia. Umeandika unayapika mara tatu kwa wiki, na kila mara jiko linawaka kuanzia saa nne mpaka saa nane. Yaloweke usiku. Asubuhi mwaga yale maji, tia mengine, yachemshe kwa moto mkali nusu saa nzima, yatokote kwelikweli. Hapo yaipue na mfuniko wake unaobana, uizike sufuria ndani ya kapu. Kapu lenyewe unaweza kulitengeneza leo: chukua kapu kubwa la mianzi, chini na pembeni shindilia blanketi kuukuu na vile vipande vya vitambaa ambavyo mafundi cherehani wanavitupa, juu funika kwa mto mnene. Usifungue kuchungulia. Baada ya saa tatu au nne maharage yameiva kwa joto lake lenyewe, na jiko ulishalizima asubuhi. Mambo mawili usiyaruke. Ile nusu saa ya kutokota ni lazima, kwa sababu maharage yasiyochemka sawasawa yana sumu inayovuruga tumbo. Na sufuria ijae kupita nusu, maana chakula kidogo ndani ya sufuria kubwa kinapoa upesi. Kabla ya kupakua yarudishe motoni yatokote tena kidogo. Wali nao unaivia humohumo.

Mkaa unaobaki ukishapika usiuache uishie kuwa majivu. Uchukue kwa koleo, utie kwenye chungu, ufunike. Ukikosa hewa unazimika, na kesho unawaka upesi kuliko mpya. Vumbi la chini ya gunia nalo lina kazi: lichanganye na uji mzito wa unga wa muhogo, finyanga mabonge ya ukubwa wa yai, anika siku tatu nne mpaka yakauke ndani. Yanawaka polepole, na mimi nayatumia kuchemshia maji ya kuoga. Ila jiko la mkaa, liwe la kopo au la mabonge, lisilale na watu chumbani hata usiku wa baridi. Hewa yake inaua na haina harufu ya kukuamsha.

Unachookoa, hata kama ni mia tano, kiingie kwenye kibubu jioni ileile. Mimi ilinichukua wiki saba kulifikia gunia la kwanza. Siku niliyolifungua niliandika tarehe ukutani kwa kipande cha mkaa. Lilipoisha nikaandika nyingine, nikahesabu siku za katikati. Tangu hapo ukuta wa jikoni ndio daftari langu, na mtu akinitembelea akaona ile mistari mieusi simfichi. Gunia likae ndani, juu ya mawe. La kwangu la pili niliacha barazani likanyeshewa na mvua ya Novemba, na mkaa uliolowa unatumia moto wake kujikausha kwanza kabla haujakupikia chochote.

Sasa dagaa. Nimezilinganisha tarehe zako na kalenda: siku nne kati ya saba umenunua wakati wa mbalamwezi. Sisi wa Ziwa Tanganyika tumezaliwa tukilijua jambo hili, ila huku mjini naona linasahaulika. Dagaa wanavuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima lina mwanga, taa haiwavuti, mitumbwi inapumzika ufukweni, na sokoni Mwanga unakuta dagaa wa akiba kwa bei ya akiba. Subiri giza lirudi. Nenda mwalo wa Kibirizi, mitumbwi inakoshusha samaki, asubuhi na mapema na majirani wawili watatu, nunueni ndoo ya wabichi, gawaneni. Anika mwenyewe juu ya chanja au wavu. Dagaa walioanikwa mchangani bei yao inavutia, lakini sehemu ya kisado unachobeba ni mchanga, na kuwaosha mara tano nako ni maji.

Wakauke mpaka ukimkunja mmoja anakatika. Kuna mwaka niliwahifadhi wakiwa bado na unyevu, debe zima likaota ukungu. Nililimwaga huku nalia, kwa sababu watoto walikuwa wanalitegemea debe lile mpaka giza la mwezi uliofuata. Siku hizi nawaanika siku moja zaidi hata nikidhani wamekauka, nawatia kwenye ndoo yenye mfuniko, na kila wiki nawatoa juani kidogo. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi, tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana, ndoo hiyo ndiyo iliyokuwa mboga yetu.

Mawese pia nunua kwa dumu, mgawane na jirani, uachane na vifuko. Na ninakuomba, wewe na wengine wote mnaosoma, muache desturi ya kuyaunguza mpaka yawe meupe. Ule wekundu ndio wenye vitamini A kwa macho ya mtoto. Ukiuchoma umepoteza chakula na mkaa kwa pamoja.

Dada yangu, salaam. Mimi ni mstaafu wa reli, nimepanga Mwanga. Umeme unanitatiza. Pesa ileile ninayonunulia kila mara, mwisho wa mwezi inaniletea uniti chache, na nikinunua mara ya kwanza katika mwezi mpya zinapungua tena. Je, mita inaniibia?

Shikamoo kaka. Kabla ya kuilaumu mita tuangalie mambo mawili.

La kwanza ni uniti 75. Mteja wa nyumbani mwenye matumizi madogo analipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo, mradi hajavuka uniti 75 kwa mwezi. Akivuka, kila uniti ya juu ya hapo ni shilingi 350. Ndiyo maana pesa yako ya mwisho wa mwezi inaonekana imeliwa: umeshavuka mstari. Kazi yako ni kubaki chini yake, na inawezekana.

Tazama taa zako. Balbu ya zamani ya wati 60, ikiwaka kwa muda wa saa tano kila usiku, inakula uniti 9 kwa mwezi. Ukiwa nazo nne, hizo ni uniti 36, karibu nusu ya zile 75, na bado hujawasha redio. Balbu ya LED ya wati 9 kwa saa hizohizo inakula uniti moja na kidogo. Badilisha moja kila mwezi ukianza na ya sebuleni, inayowaka muda mrefu kuliko zote. Pasi ya wati 1,000 ikikaa motoni saa nzima imekula uniti moja, kwa hiyo nguo za wiki zipigwe siku moja, pasi ikishapata moto. Wajukuu wakipiga shati moja moja kila asubuhi, kila asubuhi unalipia pasi kupata moto upya. Friji, kama unalo, bana karatasi kwenye mlango wake. Karatasi ikichomoka bila kushikwa, mpira umechoka na baridi inatoka usiku kucha. Liachie nafasi nyuma lipumue, na sufuria ya moto isiingie humo mpaka ipoe.

La pili ni lile pungufu la mwanzo wa mwezi. Hiyo ni kodi ya jengo, inayokatwa kupitia LUKU, yaani huo umeme wa kulipia kabla, tangu Agosti 2021. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, na wewe kaka yangu ni mpangaji. Tunza meseji za kila ununuzi, zinaonesha makato. Siku ya kulipa pango nenda nazo, mkae kwa heshima, mzikate kwenye pango. Hela ni ndogo kwa mwezi mmoja, lakini mstaafu ana haki ya kutolipa deni la mtu mwingine.

Shangazi, shikamoo. Nabeba mizigo bandarini, naishi peke yangu chumba kimoja. Mama ntilie asubuhi, mchana na jioni, hela yote inaishia kwake. Nifanyeje na mimi si mpishi?

Marahaba baba. Mchana endelea kula kwa mama ntilie. Kazi yako ni ya nguvu, na yeye anapika kwa wingi, hivyo sahani yake haikupunji kuliko ukiwasha jiko zima kwa ajili ya mdomo mmoja. Asubuhi na jioni ndipo pa kupunguza. Jioni chemsha viazi vitamu sufuria moja, ule vya moto, na vinavyobaki ule asubuhi na chai yako. Hilo halihitaji upishi. Ukitaka muhogo wa kuchemsha mwambie muuzaji akupe muhogo mtamu. Ule mchungu una sumu, nao ni wa kulowekwa siku kadhaa na kuanikwa ndipo usagwe unga. Hakuna njia ya mkato hapo hata ukiwa na njaa.

Shikamoo Shangazi. Nakaa hapahapa Ujiji. Nimeamua kubana matumizi. Maji ya kunywa sichemshi tena ili mkaa usiishe, na watoto asubuhi wanakunywa chai ya rangi kavu ndipo waende shule. Mawifi zangu wanasema nimekuwa bahili. Niwajibu nini?

Marahaba binti yangu. Mawifi zako hawazijui hesabu zako, lakini kwa hayo mawili nasimama upande wao.

Mji huu unajua kipindupindu. Mtoto mmoja akiharisha siku tatu, nauli, dawa na siku zako za kutofanya biashara zinakula mkaa wa kuchemshia maji wa miezi. Kama mkaa ndio tatizo, tumia jua, tunalo. Chukua chupa za plastiki angavu, za lita moja au mbili, uzioshe. Tia maji maangavu; yakiwa na tope yatuame na uyachuje kwanza. Zilaze juu ya bati tangu asubuhi, zipigwe na jua kwa muda wa saa sita. Siku za mawingu ziache siku mbili. Mvua ikinyesha mfululizo njia hii haifai, rudi kwenye kuchemsha au tumia dawa ya klorini ukifuata kipimo cha kwenye kifungashio. Mvua hiyohiyo ikukute na mfereji chini ya bati na pipa lenye mfuniko: maji ya kwanza yaache yaoshe paa, yanayofuata kinga kwa kufulia na kuoshea vyombo. Pipa likiwa wazi unafuga mbu.

Na chai kavu, hapana. Mtoto anayetembea mpaka shule na kukaa darasani hadi mchana hawezi kushika somo kwa maji ya sukari. Mpe uji. Unga wa mahindi uloweke usiku kwa maji kidogo, asubuhi hautakaa sana motoni. Tia kijiko cha karanga zilizosagwa kwa kila kikombe, na sukari unayoiweka kwenye chai igawe nusu, karanga zina ladha yake. Nilipima kwangu: sukari ya wiki moja ikanitosha siku kumi na mbili.

Unapotaka kupunguza, punguza mboga ya kununua kila jioni. Jaza kiroba kikuukuu udongo na samadi, ukitoboe pembeni, upande matembele juu na kwenye matundu, umwagilie maji uliyooshea mchele na mboga, yale yasiyo na sabuni. Viroba viwili nyuma ya jiko vinatosha familia kuchuma mara mbili kwa wiki. Mbegu usinunue. Wifi yako yeyote mwenye matembele anaweza kukukatia vipande vya shina, urefu wa shubiri moja na nusu. Mwombe wewe mwenyewe, aje mpande pamoja, na mkishapanda mfungulie daftari lako alione.