Kwa mnaoanza kazi ya kufufua makumbusho na bustani za kale Kanda ya Ziwa

Vijana wengi wanaokuja kwenye kazi hii huanza na rangi. Naelewa kwa nini: ukuta uliopakwa rangi unaonekana, mfadhili anapata picha, na mkubwa wa kazi anaridhika. Ila nawasihi, wiki za mwanzo ukuta uacheni. Kaeni na daftari.

Chukua ngoma moja iliyoko stoo. Ipige picha pande zote, pima kimo na upana wa mdomo, andika imechanika wapi na mchwa wameingilia upande gani. Kisha waombe wazee wakueleze ilipigwa wakati gani na nani aliruhusiwa kuigusa, maana ngoma ya ikulu ya ntemi, yaani mtawala wa jadi wa Wasukuma, si sawa na ngoma ya mashindano ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana, hata kama kwa mgeni zinafanana. Namba iandike chini, pasipoonekana: kwanza tabaka jembamba la vanishi inayoweza kuondolewa, juu yake wino, halafu vanishi tena. Maka peni moja kwa moja kwenye mti, hapana, haitoki tena. Namba hiyohiyo iingie daftarini pamoja na maneno ya mzee, na jina lake akikubali. Kitu kisichoandikwa kikiibwa, utakwenda polisi kueleza nini?

Mkikutana na kitu kinachoonekana kuwa cha zamani sana, kumbukeni Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863 vinalindwa, kwa hiyo wahusika wa serikali wajulishwe kabla fundi hajagusa.

Ambaye hajafika Bujora, pale Kisesa, Mwanza, aende. Makumbusho ya Wasukuma yalianzishwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, na banda la watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha kitemi. Lakini nendeni hasa mwezi wa sita, wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma ya Wasukuma, muone umati unaokuja kushindana ngoma. Wengi wao hawakufuata vitu vya kwenye kabati. Wamekuja kwa sababu pale ni kwao, na hilo ndilo mnalopaswa kulijenga.

Kwa majengo nitasema moja tu: ukuta uliojengwa kwa chokaa urekebishwe kwa chokaa. Saruji inazuia unyevu kutoka, chumvi inajitokeza, na plasta inadondoka vipande vipande. Fundi atabisha. Mwambie ajaribu sehemu ndogo kwanza, msubiri masika ipite.

Kwenye bustani, kabla ya kuchora ramani, simameni pale alfajiri na jioni mtazame nani anapita. Kuna njia ya kwenda ziwani, kuna akina mama wanaoanika dagaa, kuna watoto wa shule wanaokata kona. Ukizungushia uzio bila kuwauliza, uzio huo utakatwa, na haki itakuwa upande wao. Ufukweni sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60, kwa hiyo vibanda vya chakula vikae juu zaidi. Na miti, msikimbilie kununua miche. Wasukuma wana ngitili, eneo linalofungwa ili majani na miti virudi vyenyewe, na ndiyo njia iliyoirudishia Shinyanga uoto tangu mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza mwaka 1986. Fungeni kona moja, mzee wa mtaa atangaze, mbuzi wasiingie.

Majina ya mahali yaacheni kama yalivyo. Saanane, kisiwa kilichoko Mwanza, ilikuwa bustani ya wanyama tangu 1964, ikawa Hifadhi ya Taifa mwaka 2013, na bado inaitwa kwa jina la mvuvi aliyeishi kisiwani humo.

Mwisho ni fedha, ambako miradi mingi huvunjika. Viingilio vya mwezi viandikwe kwenye karatasi na vibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa: kilichoingia, kilichotumika, waongozaji wamelipwa kiasi gani. Mama lishe wa mtaa huohuo wapewe nafasi kwanza, kabla ya mzabuni kutoka mjini. Na wakazi wa jirani wawe na siku yao ya kuingia bure kila wiki, iandikwe getini kwa Kiswahili na Kisukuma.