Malalamiko ya mzee kwenye makao: andika yachunguzike

"Mama hatunzwi vizuri." Malalamiko ya namna hii hufia mezani kwa sababu mchunguzi hana pa kuanzia. Andika: "Jumanne, Machi 4, saa 3 usiku, chumba namba 12, mama alikutwa nepi imelowa hadi kwenye shuka, anasema alibonyeza kengele tangu saa 2." Hapo mchunguzi ameshapata zamu, wahudumu waliokuwa kazini, na rekodi ya kengele anayoweza kuifungua. Ukijaza fomu kwa Kiingereza, geuza saa: saa 3 usiku yetu ni saa 9 yao. Ukisahau, unawaweka mashakani watu wa zamu isiyohusika.

Marekani, makao ya wagonjwa wanaohitaji wauguzi muda wote hukaguliwa kwa kanuni za shirikisho. Makao ya wazee wanaosaidiwa kuoga, kula na kumeza dawa yako chini ya sheria za jimbo, kwa hiyo usiige utaratibu wa ndugu aliye jimbo jingine. Minnesota, ambako Wakenya wengi wanafanya kazi ya kuhudumia wazee, leseni ya makao hayo ilianza Agosti 1, 2021. Taarifa ya kupigwa, kutelekezwa au kuibiwa hupigwa MAARC, kituo cha simu kinachopokea saa 24. Za makao yenye leseni huchunguzwa na idara ya afya ya jimbo. Kumwambia meneja ni sawa, ila usiishie kwake.

Jeraha lipige picha siku hiyo hiyo, rula ikiwa kando yake: moja ya karibu, nyingine ya mbali inayoonyesha ni mguu upi. Rudia kila baada ya siku mbili. Nguo yenye damu usiifue; itie kwenye mfuko wa karatasi, maana kwenye plastiki huota ukungu. Kama mzee amekonda, omba rekodi ya uzito. Kutoka kilo 60 hadi 57 kwa mwezi mmoja ni asilimia 5, na hapo daktari anapaswa kuwa ameshaarifiwa.

Karatasi ya dawa, ile inayotiwa sahihi kila dawa inapotolewa, ndiyo inayosema mengi. Ikiwa mwezi mzima ni wino mmoja, mwandiko mmoja, hakuna hata kukosea, inawezekana mtu aliketi siku moja akajaza zote. Mwombe mchunguzi alinganishe sahihi na ratiba ya zamu. Aliyekuwa mapumzikoni Jumapili hakugawa dawa Jumapili. Kwenye kompyuta, cha kutazama ni muda ambao dawa iliingizwa. Na mzee mwenye ugonjwa wa kusahau ahojiwe vilevile. Huenda hakumbuki siku, lakini ukimtaja mtu fulani akajikunyata, hilo nalo huandikwa.

Uchunguzi Minnesota unatakiwa kumalizika ndani ya siku 60, ingawa huchelewa. Jibu laweza kuwa "haikuweza kuamuliwa", yaani ushahidi haukutosha upande wowote. Ukipata kipya, peleka.

Wewe mhudumu unayeogopa kufukuzwa: jina lako ni siri, na hatua yoyote mbaya ukichukuliwa ndani ya siku 90 baada ya taarifa, sheria ya Minnesota huihesabu kuwa kisasi mpaka mwajiri athibitishe vingine. Weka nakala ya ratiba zako za zamu nyumbani, za kabla na za baada ya kuripoti.

Chakula baridi, nguo kupotea, au notisi ya kumhamisha mzee, mpelekee ombudsmani wa makao ya wazee, yaani mtetezi wa haki za wanaoishi humo. Kila jimbo linaye, na halipishi.