Mwanzie mtoto na Shaaban Robert aliye baba

Watoto wengi hukutana na mshairi Shaaban Robert akiwa swali la mtihani: kazaliwa 1909 Vibambani, Tanga, kafariki 1962. Wanakariri, kisha wanasahau. Mimi, kwa wanangu na wenzao wanaokuja kusoma nyumbani, huanza na baba. Karani wa serikali, aliyehudumu forodhani Pangani na baadaye Mpwapwa, alifiwa na mkewe Amina akabaki na watoto wa kulea. Akamtungia binti yake Mwanjaa Utenzi wa Hati, na mwanawe Hussein Utenzi wa Adili.

Mtoto akishajua kuwa beti hizo ziliandikiwa mtoto mwenziwe, maswali hayaishi. Alikuwa na umri gani? Alimjibu baba yake? Yaacheni maswali hayo yatangulie, tarehe zitafuata zenyewe.

Halafu, jamani, msikimbilie kufafanua maana. Ushairi wetu ni wa kughanwa. Someni kwa sauti, watoto wapige kofi kwa kila mizani, yaani kila silabi. Nami hupenda kuchukua mstari wake mashuhuri juu ya lugha: "Titi la mama litamu, hata likiwa la mbwa." Kipande cha kwanza kina makofi manane bila ubishi. Cha pili huzua mabishano, maana wengine huhesabu saba. Msiwape jibu. Waacheni warudie polepole hadi wasikie wenyewe kuwa "m" ya mbwa inadai kofi lake. Kwa maoni yangu, dakika hizo za kubishana zinafundisha arudhi, yaani kanuni za utunzi wa mashairi, kuliko ubao mzima wa maelezo.

Wakishazoea, waandike hati zao: ubeti mmoja wa kumuusia mdogo wao, mishororo minne ya mizani nane. Vina vikiyumba mwanzoni, vumilieni.

Wakubwa kidogo wapeni Kusadikika, kitabu chake cha 1951 kuhusu nchi ya kubuni yenye jina hilo, kilichotoka wakati Tanganyika ingali chini ya Mwingereza. Kesi ya Karama inaigizika vizuri: mmoja awe Majivuno anayemshtaki, mwingine Karama, na wengine wajumbe waliotumwa pande sita, hata mbinguni na ardhini. Baada ya igizo waulizeni kwa nini mtunzi aliiweka nchi hiyo angani. Nimesikia watoto wa darasa la saba wakilijibu swali hilo kwa ujasiri ulionifurahisha mno.

Anayependa muziki kuliko vitabu aanze na wasifu alioandika Shaaban Robert wa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, huku mkimsikilizisha sauti ya Siti mwenyewe kwenye rekodi zake za zamani.