Dirisha la Mfuko Lilivyonigharimu Pakiti 171 za Chai

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Tukuyu alinitumia picha kwenye simu. Pakiti sita za chai zimepangwa juu ya kitenge, mifuko ya kaki yenye dirisha la nailoni kwa mbele, nembo ya jani la kijani, shingoni kafunga utepe wa katani. Chini yake ameandika: "Shikamoo mama. Nimeanza biashara ya chai ya viungo. Naomba unishauri namna ya kupata soko."

Niliitazama ile picha mpaka chai yangu ikapoa mezani. Hata utepe wa katani ulikuwa uleule. Ilikuwa kama mtu kaingia chumbani kwangu akachomoa picha yangu ya mwaka 2019 akanirudishia.

Nikamjibu: "Marahaba mwanangu. Soko baadaye. Chukua pakiti moja uifiche kabatini miezi miwili, halafu ifungue unuse." Alama mbili za buluu zikatokea, na mpaka leo yuko kimya. Nadhani kakasirika. Hata mimi ningekasirika. Basi nayaandika hapa, maana kila wiki nakutana na mifuko ya aina hiyo kwenye maonesho, na wenye mifuko wote wanauliza soko. Hakuna anayeuliza mfuko.

Mimi ni mtu wa Lushoto. Babu yangu alifanya kazi kiwanda cha chai, na harufu ya majani yanapokaushwa naijua kama harufu ya kanga za mama. Kwa hiyo mtu asije akaniambia sijui chai. Ndiyo ilikuwa shida yangu hasa: niliijua chai nikadhani na kifungashio nakijua.

Mwaka 2019, tarehe 1 Juni, mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku nchini. Mimi tangazo sikulisoma, nililisikia kwenye daladala. Nikabeba moyoni kwamba chochote chenye nailoni ni kosa. Kumbe marufuku ilikuwa ya mifuko ya kubebea, na vifungashio vya bidhaa za viwandani vilikuwa na utaratibu wake. Lakini mji mzima ulikuwa umehamia kwenye kaki, nami nikahamia. Mfuko wa kaki una sura ya kistaarabu, unapiga picha vizuri, na ule wenye dirisha unamwonyesha mteja majani yalivyo meusi na punje za iliki zinavyochungulia. Kizuri chajiuza, nikajiambia.

Shangazi alinikopesha hela yake ya VICOBA. Sitaandika ni kiasi gani, yeye mwenyewe anasoma hapa. Nikanunua kilo 38 za majani ya daraja la PF1, yale ya chenga ndogo, nikachanganya na kilo 2 za iliki na tangawizi, zikatoka pakiti 400 za gramu 100. Tulifungasha sebuleni siku mbili, mimi, shangazi na wanangu wawili. Kijiko, mizani, kunja mdomo, stepla pini mbili, utepe. Nyumba nzima ilinukia iliki mpaka majirani wakawa wanapita kuuliza tunapika nini.

Leo nikiikumbuka ile harufu ndani ya nyumba nacheka kwa uchungu. Ile iliyokuwa inawafikia majirani ndiyo chai yenyewe, inaondoka.

Duka moja kubwa Dar es Salaam lilichukua pakiti 240. Siku ile nilipiga picha na rafu. Miezi mitatu baadaye wakanipigia nije kuchukua mzigo wangu: pakiti 171. Aliyenipokea alikuwa kijana wa manunuzi, nadhifu, kalamu mfukoni. Akafungua pakiti moja mbele yangu, akamimina majani kiganjani, akaninyooshea. "Mama, nusa mwenyewe." Nikanusa. Boksi. Boksi lililokaa stoo, na kwa mbali sabuni ya unga, kwa sababu mgongoni mwa rafu yangu ndiko walikopanga sabuni. Iliki haikuwepo kabisa, utadhani haikuwahi kutiwa. Kijana akawageukia wenzake akasema, "Hii labda tungeipanga kule kule kwenye kufulia." Wakacheka.

Imepita miaka. Bado kile kicheko nakisikia. Nilipanda basi la Tanga na maboksi manne, na njia nzima nikawa nawalaumu wao na sabuni yao. Ilinichukua muda kukubali kwamba sabuni haikuwa na kosa, ilikuwa inanukia kama sabuni inavyopaswa. Aliyeacha mlango wazi ni mimi.

Sasa nikueleze nilichojifunza kwa gharama hiyo. Majani ya chai yakitoka kwenye kikaushio cha kiwandani yanabaki na unyevu wa karibu asilimia 3. Kitu kikavu namna hiyo kina kiu. Kinakunywa unyevu wa hewani, na kinakunywa harufu ya chochote kilicho jirani. Wachina wa Fuzhou waliigeuza tabia hiyo kuwa kazi: wanayalaza majani ya chai pamoja na maua ya asmini usiku, maua yanapochanua, asubuhi wanayatoa maua na kuyakausha majani upya, maana yamekunywa na maji. Chai nzuri inarudiwa hivyo siku kadhaa. Kama majani yanaweza kunywa asmini kwa usiku mmoja, dagaa wa duka la Mangi watashindwaje?

Halafu kuna upande wa pili, wa kutoka. Harufu ya chai ni mafuta mepesi mno yanayopaa. Mojawapo linaitwa linaloli, na ndilo lilelile lililomo kwenye asmini, rehani na giligilani. Iliki na mdalasini nazo ni hivyohivyo. Yakipata upenyo yanakwenda zake, na yale yanayobaki oksijeni inayabadilisha taratibu mpaka chai inakuwa na ladha ya majani makavu tu. Joto linaharakisha yote hayo. Mwanga nao unaharibu, hasa chai ya kijani. Na nani aliukaribisha mwanga? Mwenye dirisha.

Lililonikera zaidi ni kwamba jibu lilikuwa nyumbani kwetu. Bibi alikuwa na sanduku la chai ambalo babu alilileta kutoka kiwandani, mbao nyembamba, pembe zimebanwa kwa bati, na ndani limetandikwa karatasi ya alumini. Bibi aliwekea maharage. Sisi watoto tulikuwa tunachuna ile karatasi inayong'aa tunatengenezea saa za mkononi, tunachapwa. Chai ya nchi hii ilisafiri baharini ndani ya masanduku ya aina ile, na hata magunia ya karatasi yaliyokuja baadaye, yale ya tabaka nyingi, yamewekewa foili ndani, yaani hiyohiyo karatasi ya alumini. Sikuwahi kujiuliza kwa nini. Nilivaa saa ya alumini mkononi utoto mzima, kisha nikaenda kufunga chai kwa karatasi tupu na pini mbili za stepla.

Nilivyotulia nikafanya jaribio, na hili nakushauri ulifanye kabla hujatoa hata shilingi ya vifungashio. Nilichukua ndoo yenye mfuniko, nikaweka chini dagaa wakavu na kitunguu kilichokatwa. Juu yake nikapanga chai ileile kwenye vifungashio vitano: kaki tupu, nailoni ya kawaida inayoonyesha, mfuko wenye mng'ao wa fedha ambao ni plastiki iliyopakwa alumini kidogo, mfuko wenye foili halisi, na chupa ya kioo yenye mfuniko wa kukaza. Nikafunika siku kumi.

Kaki ilikuwa dagaa mtupu. Nailoni ndiyo iliyonishangaza, maana kwa macho ilikuwa imefungwa kabisa kwa moto, hata tone la maji lisingepita. Ndivyo ilivyo: nailoni ya kawaida inazuia unyevu vizuri tu, ila oksijeni na harufu vinapenya taratibu, na yenyewe inanyonya mafuta ya viungo. Mfuko mtupu uliowahi kubeba iliki hata ukiuosha unanuka iliki. Ule wenye mng'ao wa fedha ulinusurika, kwa mbali sana kitunguu. Foili na kioo havikupata kitu. Kioo kizuri, lakini kizito, kinavunjika njiani, na kinapitisha mwanga. Mwaka mzima wa machozi yangu ulijibiwa na ndoo ya lita kumi.

Nikahamia foili. Bei yake ni mara mbili na ushee ya ile kaki, na nilipomwambia shangazi alinyamaza kwanza. Usinunue kwa kutazama mng'ao, kwa sababu ile ya kupakwa nayo inang'aa. Washa tochi ya simu, itumbukize ndani ya mfuko kwenye chumba cha giza. Ile ya kupakwa mara nyingi utaona mwanga unapita kama ukungu. Foili halisi ni giza. Ukiona vinukta kama nyota kwenye mikunjo, hayo ni matobo: foili ya mifuko hii huwa ya mikroni 7 hivi, kama sehemu ya kumi ya unene wa unywele, na ukiikunjakunja hovyo inapasuka. Ndiyo maana inashikwa katikati ya plastiki mbili.

Ungedhani hadithi imeishia hapo. Wiki sita baadaye mteja wa Muheza alifungua pakiti akakuta ukungu mweupe.

Hilo nililia kweli, maana safari hii sikuwa na wa kumsingizia hata moyoni. Masika yalikuwa yameanza, tangawizi niliianika siku mbili za jua la kuibia, nikaigusa nikaona imekauka. Haikuwa imekauka. Ndani ya kaki ule unyevu ungetoka wenyewe. Ndani ya foili haukuwa na pa kwenda, ukahamia kwenye majani. Foili haichagui: inazuia kinachotoka na kinachoingia. Ukifungia harufu utabaki na harufu, ukifungia maji utabaki na ukungu. Siku hizi kipande cha tangawizi lazima kivunjike kwa mlio, tak! Kikipinda kinarudi kwenye kikaushio. Na siku ya mvua sifungashi, hata kama mteja amesimama mlangoni.

Mwezi huu hoteli moja ya Zanzibar imenipigia. Walikuwa wamesahau boksi langu stoo miezi minane, stoo ya Zanzibar, joto na unyevu unaujua mwenyewe. Walilikuta wakati wa kusafisha, wakafungua pakiti moja ili waitupe. Mpishi akaniambia kwa simu, "Dada, iliki imetujia mpaka jikoni." Wameagiza pakiti 300. Nilizima simu nikakaa kimya nikamkumbuka yule kijana mwenye kalamu mfukoni. Mungu anisamehe, nilitamani kujua kama bado anafanya kazi pale.

Sasa nyie wenzangu, tusikilizane. Acheni dirisha. Najua mtaniambia mteja anataka kuona. Mteja hanywi kwa macho. Piga picha nzuri ya majani, ichapishe kwenye lebo, chai yenyewe ibaki gizani. Acheni stepla, kila pini ni tobo. Fungeni kwa moto, kisha zamisheni pakiti moja kwenye beseni la maji mkamue taratibu, ukiona povu linapanda hujafunga. Kamueni hewa kabla ya kufunga. Zipu ni ya mteja akishafungua, si mbadala wa kufunga kwa moto. Zipu peke yake inavuja. Pakiti ndogo ni bora kuliko kubwa, kwa sababu chai ikishafunguliwa saa inaanza kuhesabu. Na wale wa vifuko vya kuchovya, ile ni chai iliyosagika sana, inapoteza harufu haraka zaidi, ndiyo maana wenye akili wanakivisha kila kimoja bahasha yake. Na dirisha, narudia, acheni dirisha.

Tunapenda sana sifa ya picha. Tunapiga picha na rafu kabla bidhaa haijalala hata usiku mmoja kwenye hiyo rafu. Nilikuwa wa kwanza, kwa hiyo sisemi kwa kumsuta mtu. Lakini mkulima kaamka alfajiri kuchuma majani mawili na chipukizi, kiwanda kimekesha kuyakausha, halafu wewe na mimi, wa mwisho kwenye foleni, tunayamwaga kwa kuonea uchungu shilingi mia mbili za mfuko. Hiyo si biashara ndogo, ni dharau.

Kijana wangu wa Tukuyu, kama unasoma, usinune. Huko kwenu mvua hainyeshi kwa mzaha, na kaki kwa hewa ya Rungwe haitamaliza hata hiyo miezi miwili niliyokutajia. Nina mifuko 40 ya foili ya gramu 100 iliyobaki kwenye oda iliyopita. Nitumie jina la basi nitakuwekea. Ile pakiti ya kabatini usiifungue bado. Njoo nayo Tanga ukipata nafasi, shangazi naye anataka kuinusa.