Bahari imegeuka rangi na mwatiko wanatweta bwawani: ni sumu au hewa imeisha?

SWALI: Habari za kazi, wataalamu. Nafuga mwatiko Kigamboni katika bwawa la mita 40 kwa 25, kina sentimita 90. Maji yanaingia kwa lango wakati wa bamvua. Mwisho huu wa Januari baharini kulitokea mistari mirefu ya kahawia, kama mtu amemwaga unga wa mbao, na baada ya siku mbili maji ya ufukweni yakawa ya pinki na harufu kali. Mimi nilikuwa nimeshafungua lango. Leo alfajiri nimekuta samaki wako juu wanatweta, na kama 30 wamekufa. Jirani ananishauri nitie mrututu. Halafu mke wangu na wenzake huokota kombe na chaza maji yakitoka. Wakichemsha sana, inatosha?

JIBU: Mrututu usitie, ndugu yetu. Utaua vijimea vyote kwa mpigo, vitaoza kwa pamoja, na oksijeni kidogo iliyobaki itaisha usiku huohuo. Zaidi ya hapo, kijimea chenye sumu kikipasuka huiachia majini sumu iliyokuwa ndani yake. Na kama una kamba au kaa bwawani, shaba iliyomo kwenye mrututu itawamaliza hao kwanza.

Kwa maelezo yako, ulichoona baharini kinafanana sana na Trichodesmium. Hii ni sianobakteria, yaani bakteria wanaotumia mwanga wa jua kama mimea, inayojulikana katika pwani yetu, hasa kipindi cha kaskazi, bahari inapotulia na jua kuwa kali. Nyuzi zake hujikusanya vifundo vya milimita moja hadi tatu, na kwa kuwa ndani zina vifuko vya hewa huelea na kupangwa mistari na upepo. Ikiwa hai ni ya kahawia au manjano. Ikifa hubadilika kuwa kijani au nyeupe, na rangi nyekundu iliyokuwa ndani ya seli huvuja majini. Pinki uliyoiona ni hiyo. Harufu nayo ni ya kuoza.

Usitegemee macho peke yake, kwa sababu vijimea vingine navyo hugeuza maji kuwa ya kahawia. Chota maji kwenye chupa angavu, iweke dirishani dakika 10. Nyuzi zinazoonekana kwa macho zikipanda juu na kutengeneza utando, huenda ni Trichodesmium. Rangi ikibaki imeenea chupa nzima, au ikikusanyika upande wa mwanga, huenda hao wana mikia na wanaogelea: dinoflajelata, kundi la vijimea lenye aina kadhaa za sumu kali. Chembe za mviringo zinazoelea kama sago, na maji yanayowaka samawati usiku ukiyapiga kwa mkono, ni Noctiluca. Huyo hatengenezi sumu ya kuingia kwenye chaza, ila hujaza amonia majini.

Sasa bwawa lako. Saa waliyotweta samaki ndiyo inayotupa jibu. Maji ya bahari yenye joto la nyuzi 29 au 30 hubeba takribani miligramu 6 tu za oksijeni kwa lita, hata yakiwa safi kabisa. Mchana vijimea huzalisha oksijeni na kipimo kinaweza kupita 10, ukadhani mambo ni mazuri. Usiku vyote vinapumua, bakteria nao wanatafuna vilivyokufa, na kiwango cha chini kabisa hufikiwa kati ya saa 10 na saa 12 alfajiri. Chini ya miligramu 3 samaki huacha kula. Ikikaribia 1, wanakufa. Sumu haichagui saa namna hiyo. Ukiona wanatweta alfajiri na kufikia saa 4 asubuhi wametulia, tatizo ni hewa. Wakizunguka ovyo au kupinduka ubavu mchana wa jua, wakati kipimo cha oksijeni kiko juu, hapo ndipo ushuku sumu, au amonia: mchana vijimea hupandisha pH (kipimo cha tindikali na alkali ya maji), na pH ikizidi 9 amonia ileile iliyokuwa inavumilika huwa kali.

Kazi ya leo ianze kabla jua halijazama. Acha kulisha, na mbolea yoyote, iwe ya kuku au urea, isiguse bwawa. Upepo wa kaskazi unasukuma utando kwenye kona ya kusini magharibi. Uvute huko kwa kipande cha chandarua na uutupe mbali na tuta, usiuache pembeni mvua ikaurudisha. Kisha ondoa ubao wa juu wa lango maji ya bahari yakiwa yametoka, utando uliobaki utoke wenyewe. Wengi hukosea hapa: hung'oa mbao za chini kwanza, maji mazuri yakaondoka na uchafu wote ukashuka ukalala kwenye tope. Mbao za chini zifuate baadaye, kwa muda mfupi, kutoa maji mazito ya sakafuni. Usishushe kina chini ya sentimita 60, jua la Februari litayapika.

Tatizo lako jingine ni kalenda ya maji. Lango linalojaa kwa bamvua halitakusaidia kwenye maji mafu, na hapo ndipo mabwawa mengi hufa. Bwawa lako lina mita za ujazo 900. Kubadilisha asilimia 30 unahitaji 270. Pampu ya petroli ya inchi 3 huandikwa lita 1,000 kwa dakika, lakini ukishaweka mpira mrefu na mwinuko hesabu lita 650. Hiyo ni karibu mita za ujazo 39 kwa saa, yaani saa 7 za kusukuma. Ukingoja saa 9 usiku ndipo uwashe, umechelewa. Mdomo wa kuvutia maji ya bahari uzame mita moja chini ya uso wa maji, maana utando unaelea, na ule wa kutolea uinue maji yaanguke kama mvua, usiuzamishe. Kama maji mapya hayapatikani, zungusha yaleyale kwa mtindo huo kuanzia saa 6 usiku hadi jua litoke. Ni ghali ya petroli, lakini hakuna njia ya mkato.

Nunua kipimo cha oksijeni ukiweza. Pima saa 11 alfajiri na saa 9 alasiri, sentimita 10 juu ya sakafu. Kama huna, chukua mfuniko wa ndoo wa sentimita 20, upake robo nyeusi na nyeupe, ufunge uzito na kamba yenye alama. Uzamishe mchana. Ukipotea kati ya sentimita 30 na 40, bwawa liko sawa. Chini ya 20, jiandae kwa usiku mbaya. Rudisha chakula pale tu kipimo cha oksijeni cha alfajiri kimevuka miligramu 4 kwa siku mbili mfululizo, na uanze na nusu. Bamvua ijayo, kabla ya kufungua lango funga mianzi inayoelea mbele yake kwa mshazari, utando upite pembeni.

Waliokufa wasiuzwe. Hujui walikufa saa ngapi, na kwenye maji ya nyuzi 29 nyama huharibika upesi. Wazike. Waliobaki, maji yakishatulia, wanyime chakula siku moja au mbili utumbo uwe mtupu, vua, barafu kilo kwa kilo, na watolewe matumbo kabla ya kuliwa. Sumu nyingi za vijimea hukaa kwenye utumbo na ini kuliko kwenye minofu, ndiyo maana dagaa wanaoliwa wazima hatuwapendi wakati wa milipuko.

Kuhusu kombe na chaza, jibu ni hapana: kuchemsha hakutoshi. Chaza mmoja huchuja lita nyingi za maji kwa siku na kulimbikiza sumu mwilini bila yeye kuugua. Saksitoksini, ile sumu inayopoozesha, haivunjwi na moto wa jikoni, limau wala friza, na sehemu yake huhamia kwenye mchuzi, kwa hiyo supu nayo ni hatari. Kikomo kinachotumika kimataifa ni miligramu 0.8 kwa kilo ya nyama. Sumu yenyewe huwezi kuionja wala kuinusa. Waache kuokota wiki kadhaa baada ya rangi kuondoka, maana sumu hutoka mwilini mwa chaza polepole, na aina nyingine huishikilia kwa miezi. Wala maji maangavu si cheti: dinoflajelata wa jenasi Dinophysis wanaweza kuharisha watu wakiwa seli mia chache tu kwa lita, na bahari haibadiliki rangi hata kidogo.

Aliyekula akianza kufa ganzi midomo, ulimi na vidole, kwa kawaida ndani ya dakika 30 hadi saa chache, mkimbizeni hospitali yenye mashine ya kupumulia. Hakuna dawa ya kuitengua sumu hiyo. Anayesaidiwa kupumua saa 12 hadi 24 za kwanza kwa kawaida hupona. Msimnyweshe maziwa. Koo limeanza kulegea, yataingia mapafuni. Mabaki ya chakula yaende naye.

Kwa uhakika wa aina ya kijimea, jaza chupa mbili kutoka baharini na mbili kutoka bwawani. Moja ya kila mahali ibaki bila dawa, kivulini, ifike maabara siku hiyohiyo. Nyingine iwe ya glasi, utie dawa ya iodini iitwayo Lugol tone kwa tone hadi maji yawe na rangi ya chai ya rangi nyepesi. Chupa ya plastiki haifai kwa kuwa hunyonya iodini. Andika tarehe, saa, hali ya maji na mahali, kisha peleka Kunduchi, kwenye TAFIRI (Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania) au kampasi ya sayansi za majini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na umjulishe ofisa uvuvi wako. Piga simu kwanza: ukifika Ijumaa jioni, hiyo chupa isiyo na dawa Jumatatu itakuwa supu.