Maswali ya Wasomaji: Kitunguu thomu, maandazi na mboga

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwenyeji wa Morogoro niliyeolewa Mombasa. Mama mkwe wangu hunituma dukani kununua kitunguu thomu, ilhali mimi tangu utotoni naandika kitunguu swaumu. Shemeji yangu naye anasisitiza kuwa jina hilo limetokana na saumu ya Ramadhani. Ni nani aliye sahihi?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Mama mkwe wako ndiye aliye karibu zaidi na asili. Waarabu hukiita kitunguu hiki thum, neno linaloanza na sauti ile ile ya th tunayoisikia katika thelathini, na ambalo halihusiani kabisa na sawm, yaani kufunga, linaloanza na s nzito ya herufi swadi. Watu wa Mombasa na Unguja, ambao masikio yao yamezoea sauti za Kiarabu tangu chuoni, yaani madrasa, waliihifadhi th, na ndiyo maana jikoni kwao utasikia thomu na tangawizi vikitwangwa pamoja. Huko bara, ambako lugha nyingi za mama hazina sauti hiyo, th iligeuka s, kama vile thumuni ilivyogeuka sumuni, ile sarafu ya senti 50. Kwa njia hiyo jina la kitunguu likaja kufanana na saumu ya kufunga, iliyokuwa imeingia katika Kiswahili kwa mlango wake yenyewe.

Hiyo w yako ina kisa kingine. Kwa kuwa Waislamu wengi huandika swala na swaumu ili kuonyesha uzito wa ile swadi, waandishi wa mapishi, na wauza viungo pia, wameipachika w hiyo kwenye kitunguu ambacho hakijawahi kuwa na swadi. Umbo lililozoeleka katika maandishi sanifu ni kitunguu saumu, nami nakushauri ulitumie unapoandika. Lakini ukitumwa dukani na mama mkwe, leta thomu bila mjadala.

SWALI: Je, maandazi na mahamri ni kitu kimoja chenye majina mawili? Na je, yote mawili ni maneno ya Kiarabu?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Mahamri ni ya Kiarabu, maandazi ni ya Kibantu. Mahamri yanatokana na khamir, chachu, neno lililo jamaa ya hamira yetu, na jina hilo linaieleza vizuri kazi yenyewe: unga wa ngano hukandwa kwa tui la nazi, sukari, iliki na hamira, ukaachwa uumuke, kisha ukasukumwa na kukatwa vipande, aghalabu vya pembe tatu, ambavyo vikitiwa katika mafuta ya moto huvimba na kubaki na uwazi ndani. Mtu wa Mombasa huyala asubuhi kwa mbaazi za nazi, na ukimwambia kuwa hayo ni maandazi tu atakutazama kwa huruma.

Maandazi, kwa upande wake, yamezaliwa na kitenzi andaa. Ile z huwashangaza wengi, lakini tazama lala ikizaa malazi: l ikikutana na i hugeuka z. Andaa nayo ilikuwa na l iliyomezwa, ambayo bado inajitokeza tunaposema andalia, kama ilivyo kaa, kalia na makazi. Kwa asili, basi, andazi ni kitu kilichoandaliwa, na hivyo jina hili ni pana kuliko mahamri. Kenya wengi huandika mandazi kwa a moja. Mimi napendelea mbili, kwa sababu zinamwonyesha mzazi wa neno.

SWALI: Nilipokuwa Mwanza niliagiza ugali na mboga, nikaulizwa: “Mboga gani, nyama, samaki au maharage?” Je, nyama imekuwa mboga lini?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Kwa matumizi ya Tanzania bara, mboga ni chochote kinachosindikiza ugali au wali, kwa hiyo mhudumu wako hakukosea. Watu wa pwani wangeita samaki na nyama kitoweo, na Wakenya wengi wameliachia neno mboga majani peke yake. Siku nyingine ukiwa Mwanza, omba mboga za majani, kisha subiri uulizwe kama ni mchicha au matembele.