Jaji amekataa ombi la hifadhi, rufaa inaanzia wapi?

Pole, dada. Umesema jaji wa uhamiaji huko Marekani amemnyima kaka yako hifadhi, na wakili hapokei simu. Msimsubiri. Tazameni karatasi ya uamuzi, tarehe ya mwisho ya rufaa imeandikwa hapo. Kinachohesabiwa ni siku Bodi ya Rufaa za Uhamiaji inapoipokea fomu ya rufaa, EOIR-26, si siku mliyoiposti. Kwenye sababu, "jaji hakututendea haki" haitoshi, bodi huweza kuitupa. Tajeni kosa lenyewe, kwa Kiingereza: mathalani jaji alisema hakuna ushahidi wa kipigo, ilhali cheti cha daktari kimo kwenye faili. Ada imewashinda? Ombeni msamaha wa ada kwa fomu EOIR-26A. Na kaka akihama nyumba, ajaze fomu ya kubadili anwani, EOIR-33, ndani ya siku 5 za kazi.